Ufunguo Kwenye Pindo la Khanga

Skola mwanangu,

Umeme wa Ifakara umekatika tangu mchana na mashine imenyamaza. Wateja wamepanga magunia yao ya mpunga barazani, wengine wamejilaza juu yake, na wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezima. Nimewaambia wavute subira, sina nyaya tumboni. Basi nimekaa juu ya gunia la pumba na kalamu ya kuandikia majina ya wateja, nakuandikia wewe kabla hujarudi kutoka kwa fundi na lile begi lako lililokufa zipu.

Usishangae. Najua leo tutakula chungu kimoja na kesho alfajiri nitakusindikiza stendi. Lakini mimi na wewe tukianza kuongea, wewe unanikatiza, mimi nakukatiza, mwisho tunacheka au tunanuniana, na lile lililotukalisha chini halijasemwa. Karatasi haikatizwi. Nitaiweka juu ya begi lako, na nataka uisome kabla hujalala.

Jana jioni tunapepeta mchele uliniuliza, "Mama, nikiahirisha safari mwaka mmoja je?" Mimi nikainamia ungo. Mimi, ambaye hata redio ikisema neno naijibu! Ukaendelea: "Watu wa Mofu wameshahamia mashambani. Mkataba mpya haujapimwa na masika hata mara moja. Ukikwama nikiwa huko, nani atauamsha mnara wa simu? Bibi?" Ukacheka, lakini macho yako hayakucheka. Usiku kucha nilikuwa nalitafuta jibu, na jibu langu ni kwamba uende. Ila nakujua, wewe si mtoto wa kuambiwa nenda ukaenda. Ulipokuwa mdogo nilikuambia jiko ni la moto ukaniuliza moto wa kiasi gani. Kwa hiyo kaa vizuri nikueleze.

Habari za sweta, za mafuta ya midomo, za kutokula vitu usivyovijua, sitazigusa. Shangazi yako amekuhubiria wiki nzima na nadhani zinatosha mpaka ustaafu.

Nianze na kazi yako, kama ninavyoielewa, na pale nilipopotoka unisamehe. Mara ya kwanza ulipokuja likizo na hilo neno blokcheni mdomoni, nilidhani ni dawa ya magugu. Ulipoongeza kwamba unaandika mikataba janja, nilikuambia mikataba ya kijanja tunayo tele, muulize yeyote aliyewahi kununua kiwanja. Ulikuwa unakatakata kitoga, samaki wa mboga, ukacheka mpaka ukakaribia kujikata kidole. Kisha ukanieleza polepole, bila kunidharau, na hilo sijalisahau, maana wapo waliosoma kidogo kuliko wewe wakija hapa mashineni wanaongea na mimi kama wanaongea na mlango.

Ulisema kampuni za simu zilikuwa haziji kijijini kwetu Mofu kwa sababu hakuna aliyetaka kujenga mnara wake peke yake kwa ajili ya watu wachache. Sasa kwa huu mtandao wa kizazi kipya, mnara mmoja unaweza kukatwa vipande hewani, watu wakagawana: kipande cha simu za wananchi, kipande cha zahanati, kipande cha vile vipimo vya maji vilivyochomekwa mtoni vinavyotoa habari za mafuriko. Nani apate kipande kipi na lini, na betri za sola zimpe nani nguvu kwanza, hapo ndipo watu wanapong'oana meno. Akiandika mmoja, wenzake hawamwamini. Ndiyo maana kumbukumbu zinakaa kwa wote, nakala ileile, hakuna anayeweza kufuta mstari wenzake wasione. Na mkataba wenyewe umeandikwa kwa lugha ya kompyuta: likitimia hili, fanya lile. Haungoji bosi atie sahihi, na ukiupigia magoti haukuoni.

Nikasema, "Kumbe ni kisanduku chetu cha kikoba! Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hakuna kufungua mpaka wote wawepo!" Uliacha kisu, ukanikumbatia na mikono yako inayonuka samaki. "Mama, hivyohivyo!" Siku ile nilijiona profesa. Nilitembea na hilo kumbatio mtaa mzima.

Sasa hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nilisifiwa nikanyamaza, na nilikuwa na jambo la kukuuliza.

Kisa cha kile kisanduku unakijua. Mofu nzima inakijua, na wapo wanaonitania nacho mpaka leo. Nilikuwa mama kijana, bado tunaishi Mofu, wewe uko mgongoni, na wenzangu walinichagua kushika ufunguo mmoja kwa sababu walisema Mama Skola mdomo anao lakini mkono mrefu hana. Niliutunga kwenye uzi nikauvaa shingoni, nikawa natembea nao kifua mbele utafikiri nimevaa medali. Masika yakaingia, na mimi kama watu wote nikafunga mlango, nikakubeba, nikamfuata baba yako bondeni kuamia ndege wasile mpunga. Unalijua lile dungu letu, juu ya nguzo, chini maji na viboko wanapita. Nikakaa huko na ufunguo wangu shingoni, salama salimini, wala sikuupoteza.

Kijijini, Baba Kabula, yule jirani yetu Msukuma, akaumwa na nyoka mguuni. Mke wake akakimbilia kikundini apate nauli ya kumfikisha hospitali huku Ifakara. Wanawake wakatoa kisanduku, wakakiweka katikati, kimejaa. Funguo mbili zipo. Wa tatu uko kwenye dungu, na njia imekatwa na maji. Wakakizunguka wakikitazama. Mmoja akasema tuite fundi avunje kufuli, mwingine akasema sheria hairuhusu, leo tukivunja kwa wema kesho mtu atavunja kwa wizi. Na alisema kweli! Walinitumia mtu kwa mtumbwi, nikarudi mbio nimelowa mpaka nywele, lakini muda ulishakatika kwa kwenda na kurudi. Baba Kabula alipona, mguu akauacha hospitali.

Hakuwahi kunilaumu. Kila tukikutana mnadani ananipigia kelele toka mbali, "Wee Mama Skola, ufunguo uko wapi?" Na mimi namjibu, "Nimeumeza!" Tunacheka. Lakini nikigeuka, mwanangu, nalisikia gongo lake likigonga chini, kila mara, na sidhani kama nitakuja kulizoea.

Ninachotaka ukione ni hiki. Sheria yetu ilikuwa nzuri. Waliobeba funguo walikuwa waaminifu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelala. Tulikosea jambo moja tu, tuliiandika sheria kiangazi, watu wote wakiwa nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza masika tutakuwa wapi. Sisi tuliozaliwa hapa! Sisi tunaohama kila mwaka kama ndege! Mtu wa mbali angeuliza, sisi tulizoea mno hata hatukuliona.

Na wewe mkataba wako wa kwanza uliuandika kiangazi. Nilikuwa nimekaa pale jikoni, nakusikiliza ukinieleza jinsi mnara utakavyojiangalia wenyewe: simu zikiwa chache upande mmoja kwa siku kadhaa, upande huo unalala kuokoa betri, na nguvu inahamia kwenye watu wengi. Nikasema safi sana, binti yangu ana akili. Swali lilikuwa palepale shingoni mwangu ulipokuwa ufunguo, sikulitoa. Kwa hiyo ukiwa huko ukaanza kujisemea kwamba ulikosea peke yako, ukome. Tulikosea wawili, na mmoja wetu alikuwa na uzoefu.

Masika yaliyopita mkataba ulifanya ulichouambia. Watu walihamia bondeni, mnara ukaona kijiji kimepoa, ukalala upande wa kijiji, ukaamka upande wa mashamba. Huko madunguni ilikuwa sherehe! Baba yako, ambaye kwa kawaida maneno yake unayahesabu, alinipigia simu kunieleza habari za ndege kwelea. Kwelea! Nikamuuliza kama anaumwa. Na kijijini walibaki wale wanaobaki kila mwaka, wazee na watoto wa shule. Bibi yako na Anjela, mtoto wa mjomba wako. Alfajiri ile Anjela akashikwa na degedege, Bibi akapiga simu kwa nesi, hakuna mtandao. Akapiga kwa bodaboda, hakuna. Akapanda juu ya kichuguu, mama yangu na magoti yale, akainua simu juu, hakuna. Mwisho akambeba mtoto mgongoni, akatembea kwenye matope mpaka zahanati. Huko nako nesi akahangaika kuita gari la wagonjwa, simu yake nayo imekufa vilevile, kwa sababu kipande cha zahanati kilikuwa kimelala na upande uleule. Alimtibu kwa alichokuwa nacho, na Mungu si Athumani, mtoto akafumbua macho.

Uliposikia hukulia. Ulikaa kwenye kizingiti cha jiko ukasema, "Mama, hakuna kitu kilichoharibika. Ndiyo mbaya zaidi. Kilifanya kazi." Na kuuamsha mnara ilikuwa lazima kampuni zote zikubali kwa pamoja, na mwakilishi wa mojawapo alikuwa safarini hapatikani. Ufunguo kwenye dungu, Skola. Ufunguo uleule.

Sasa nakuja kwenye mkutano wa kijiji. Hapa ndipo ninapotaka uniachie nijisifu, maana mbele ya watu unanibana nisiseme.

Mkuu wa mradi wenu, yule kaka mwenye viatu visivyopenda matope, aliniomba nikae nyuma na wageni. Nilimsikia kwa masikio yangu akikuambia pale chini ya paa la ofisi ya kijiji, "Tutasema betri za sola zilizidiwa na mawingu. Ni lugha wanayoielewa. Wewe una safari yako ya ng'ambo, jina lako liko mezani, usijichafue." Sauti ya upole kabisa. Sidhani kama ni mtu mbaya, alitaka kukulinda na kujilinda. Na nikwambie ukweli ambao hujawahi kuusikia kwangu: moyoni nilisema, kubali, mwanangu. Sema betri. Betri haina mama. Nilikuwa nimeshaiona safari yako, nimeshawatangazia wateja wote, hata wenye deni la kunisikiliza na wasio nalo.

Mtendaji wa kijiji akauliza, "Haya, wataalamu, tatizo lilikuwa nini?" Yule kaka akasimama, akaanza na mawingu. Wewe ukanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Ukasimama, ukawaamkia wazee, shikamooni, wakaitikia. Kisha ukasema, "Haikuwa betri. Mimi ndiye niliyeandika masharti ya kulala na kuamka. Niliandika nikidhani watu wanakaa mahali walipoandikishwa. Na mimi ni mtoto wa hapa, nimelala dunguni tangu nanyonya. Naomba radhi kwa Anjela na kwa Bibi, na kwa ninyi wote."

Halafu Bibi yako, mwanamke yule, akasema bila kusimama, "Sawa, tumesikia. Sasa unafanyaje?" Watu wakacheka, na mimi ndipo nikapumua. Baba Kabula akagonga gongo lake chini akapaza sauti, "Kumbe ufunguo wa mama yake umerithiwa!" Wakacheka zaidi, hata wewe ukacheka huku unafuta pua. Nimewahi kuona watu wakipewa vyeti, nimeona wakivishwa majoho. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyokuonea siku ile, umesimama umeharibu, na unasema ni mimi.

Kwenye gari hakuna aliyeongea nawe kurudi Ifakara. Majuma yakapita hukupata neno la safari, na hukuniuliza kama ulikosea kusema. Badala yake ulikwenda Mofu, ukalala kwa Bibi, ukawauliza wanawake wale maswali ambayo mimi ningepaswa kukuuliza jikoni. Nani anabaki? Nani anahama lini? Mvua zikichelewa mnafanyaje? Nani hawezi kuhama hata iweje? Ukarudi nayo kwa wenzako wa kompyuta, mkabishana. Kaka wa viatu alisema mkataba ukishaanza kuingiliwa na watu si mkataba tena. Unakumbuka ulivyomjibu kwenye simu, nimesimama nyuma yako na mwiko? "Simwachii mtu mmoja. Nawaachia watatu, wawili wakikubaliana inatosha, na kila wanachofanya kinaandikwa kwenye nakala zote, kila mmoja anakiona." Nilitaka nikupigie makofi na ule mwiko.

Ndivyo ilivyokuja kuwa. Njia ya simu za dharura hailali kamwe, hata mnara ulale. Kipande cha zahanati nacho hakilali. Na mengine yakilala, yanaweza kuamshwa na watu wa kijiji wenyewe, bila kumngojea aliye safarini. Mkutano ukachagua wa kushika vifaa vitatu vidogo vyenye kitufe cha kuuamsha, na sharti likawa moja, asiwe mtu wa kuhamia shamba. Nesi, mwalimu mkuu, na Bibi. Bibi yako! Yaani mama yangu mzazi, aliyeacha shule akiwa hajajua kuandika jina lote, ana sauti sawa na kampuni ya simu. Kile kifaa kidogo kama kiberiti amekifunga kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo, na akienda kanisani anakipapasa kabla ya kukomunika. Mimi nilivaa ufunguo wangu shingoni niuonyeshe. Yeye kaufunga kiunoni aulinde. Tofauti yetu hiyo, na nimechelewa kuijifunza.

Baadaye wale wa ng'ambo wakakuita. Sijui yule kaka aliandika nini kwenye barua ya kukusifia, wala sitaki kujua. Najua kuna watu huko kwenye baridi wanatengeneza mtandao wa kizazi kinachofuata, cha sita sijui, nao wamesema wanamtaka binti wa Ifakara. Namna nilivyopiga kelele siku ile, mteja mmoja alidhani mkanda wa mashine umenikamata.

Nilitaka uwe nesi, unajua. Nilikuwa nimeshamaliza kukupangia, na sare nimeshaiona kichwani, nyeupe. Ulipochagua mambo ya mitandao nilinuna muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilisema kazi gani hiyo haiponyi mtu. Leo naona nesi wa Mofu anafanya kazi yake kwa sababu na wewe umefanya yako, na naona nilikuwa nakata kitambaa kwa kipimo cha mwili wangu. Ukija kuwa na wa kwako, utalifanya kosa hilohilo, nakuombea tu ulifanye kwa muda mfupi.

Huko utakutana na watu wenye akili kali, na wengi wao hawajawahi kukaa mahali ambapo kijiji kizima kinaweza kufunga milango na kuhamia kwenye maji. Si kosa lao. Wataandika sheria nzuri kwa ajili ya watu wanaokaa mahali pamoja. Usiwaonee aibu, na usijifanye umesahau ulikotoka ili uwe kama wao. Wewe waulize tu, kwa upole kama ulivyonieleza mimi ukikata mboga: masika watu hawa watakuwa wapi? Hata kama kwao hakuna masika, watakuwa na ya kwao. Wakikucheka, cheka nao, halafu uulize tena.

Na utaharibu tena, Skola. Nakuambia hivyo kwa sababu nakupenda. Ukiharibu, hutakuwa na kizingiti cha jiko cha kukaa, wala mimi sitakuwepo nyuma na mwiko. Hapo ukumbuke sauti ya Bibi yako, sawa, tumesikia, sasa unafanyaje. Hajawahi kuniambia maneno matamu kuliko hayo tangu anizae, na hata hayo alikuambia wewe.

Nilikuwa nataka nimalizie na kukubembeleza. Nilikuwa nimepanga kukuambia kwamba mtu akiandika kitu kizuri lazima afike siku akiache mikono ya wengine, na maneno kama hayo, ungeyasoma ukasema mama naye. Lakini nimelazimika kuiweka kalamu chini, na sasa nimeishika tena naandika mbiombio, ndiyo maana mwandiko umebadilika.

Simu imeita. Namba ya Bibi.

"Haloo! Wewe! Unanisikia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Skola yuko wapi? Simu yake inaniambia haipatikani, haipatikani."

"Umeme umekatika huku, itakuwa imeisha chaji. Mama, kwani mtandao upo huko? Si wote wamehamia bondeni?"

"Wamehama. Ulikuwa umelala. Tumeuamsha."

Niliona Anjela, niliona matope, niliona kila kitu. "Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa! Ukali wa nini? Nataka kumuaga mjukuu wangu."

Nikamsikia nesi kwa nyuma, "Bibi, nilikuambia hivi ni vya shida!" Na Bibi akamgeukia, wala hakufunika simu: "Mjukuu wangu anapanda ndege kesho. Wewe unayo shida gani kubwa kuliko hiyo?" Nesi akacheka. Na kumbe alikuwa ameshakibonyeza cha kwake, maana bila yeye usingeamka.

Nikamuuliza nani amewaelekeza, walimpigia nani mjini. Akakasirika. "Tumpigie nani? Si mtoto mwenyewe alitufundisha? Nimefungua pindo, nimebonyeza, nesi kabonyeza, taa ikawa ya kijani. Mambo yenyewe ndiyo hayo tu. Mwambie hatukumwita mtu."

Hatukumwita mtu, Skola. Mvua zimeanza, kijiji kimehama, mnara umelala kama ulivyouambia, na kikongwe na nesi wameuamsha kama ulivyowafundisha, wakati wewe uko kwa fundi unahangaika na zipu. Hukujua hata. Ndilo jibu la swali lako la jana, na si mimi niliyelitoa. Uliniuliza nani atauamsha, ukamtaja Bibi kwa kicheko. Ni Bibi.

Nimelia hapa mbele ya wateja, na wateja wamefurahi, wamepata la kusimulia.

Umeme umerudi, wanasimama na magunia yao, wananiita. Naikunja karatasi. Ukishaisoma, chomeka simu yako, na ikiwaka tu mpigie Bibi kabla ya kuongea na mtu mwingine yeyote. Yuko zahanati, amekaa kwenye benchi la wagonjwa, na amemwambia nesi haondoki. Anasema hauachi mnara ulale mpaka asikie kwa mdomo wako neno moja, unaenda.

Usimkeshe mama yangu. Mwambie.

Ni mimi mwenye vumbi la pumba na fahari isiyo na aibu,
Mama